Palilia Alizeti, Waachie Nyuki Kingo

Mvua zimeshika Singida na Dodoma, na majembe yako shambani. Ndani ya mistari ya alizeti usione huruma: katika wiki 6 za mwanzo tangu miche ichomoze, kila gugu linagombea nayo maji na mbolea. Ling'oe. Lakini leo nazungumzia kingo za shamba, makingamaji na kando ya njia. Wengi wetu tukimaliza palizi huendelea kufyeka huko au kupuliza kiuagugu mpaka pabaki peupe, na kwa kufanya hivyo tunapunguza mavuno yetu wenyewe.

Alizeti huchanua kwa wiki chache tu, lakini nyuki anakula mwaka mzima. Kabla ua la kwanza halijafunguka, anaishi kwa mbochi na chavua ya kishonanguo, mgagani, kivumbasi na kongwa. Asipovikuta hapo, hahamii kwako. Nyuki wa mzinga huweza kuruka kilomita kadhaa, ila nyuki wengi wa porini huishi mmoja mmoja, kila jike na kishimo chake ardhini au ndani ya bua kavu, na hawaendi mbali. Nyuki hao wa porini wanaohudumia shamba lako ni wale waliozaliwa jirani nalo.

Nyuki wakipungua, alizeti hutoa mapepe mengi. Kwa tikiti na maboga hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa ua dume na ua jike ni mbalimbali na hufunguka asubuhi moja tu. Chavua isipofika ya kutosha, tunda hudondoka changa au hukua limepinda. Magugu hayo hayo huwalisha pia nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavijeshi na kuwaua.

Fanya hivi msimu huu. Acha ukanda wa hatua mbili au tatu mpakani bila kulima wala kupuliza. Fyeka nusu yake kwanza, nusu nyingine baadaye, ili maua yasikosekane. Kishonanguo kifyeke kabla mbegu hazijakauka, zisirudi shambani. Ukilazimika kupuliza dawa ya wadudu, subiri jioni nyuki wakisharudi, na usielekeze bomba kwenye maua.

Si kila gugu linastahili kuachwa. Kiduha king'oe kabla hakijatoa mbegu, kwa sababu kinanyonya mizizi ya mtama na mahindi. Gugu karoti ling'oe ukiwa umevaa glavu, maana linawasha ngozi. Mnafu usiuache karibu na nyanya, kwani humhifadhi kantangaze, mdudu anayeishambulia. Ukikuta mmea usioujua, muulize afisa ugani kabla ya kuamua.

Mkulima mwenzangu, kingo hizo hazikudai mbegu, mbolea wala maji. Ziache zichanue, alizeti yako ipate wachavushaji.