SOMO: SPIKA NA REDIO ZIPATANE

Watu wengi wakinunua spika za nyumbani huangalia kitu kimoja tu: wati zilizoandikwa kwenye boksi. Baada ya harusi moja, spika imeungua au redio imekufa. Kwa familia ya Murukulazo inayongoja mauzo ya kahawa au maharage, hiyo si hasara ndogo. Kabla ya kutoa fedha, geuza redio na spika, usome nyuma yake mambo mawili.

1. Omu (Ω). Hiki ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Kama redio imeandikwa 8 Ω, usiifunge na spika ya 4 Ω. Itatoa mkondo mkubwa kuliko uwezo wake, ipate moto na kuungua. Kumbuka: spika mbili za 8 Ω zikifungwa sambamba kwenye tundu moja huwa 4 Ω. Zikifungwa kwa mfuatano huwa 16 Ω. Redio ni salama, ila sauti hupungua.

2. Wati. Soma zenye alama ya RMS, yaani nguvu ambayo chombo huimudu kwa muda mrefu. Zile za PMPO ni za kumvutia mnunuzi, usizipigie hesabu. Redio ya wati 50 kwa kila upande hupatana vizuri na spika za wati 50 hadi 100.

Je, redio ndogo inaweza kuunguza spika kubwa? Ndiyo. Ukiifungulia hadi mwisho, inaishiwa nguvu na sauti hukwaruza. Mkwaruzo huo hupeleka umeme mwingi kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, nayo huungua kwanza. Ukisikia mkwaruzo, punguza sauti mara moja.

Tena, wati 100 hazitoi sauti mara mbili ya wati 50. Ongezeko ni desibeli 3 tu, tofauti ndogo masikioni. Spika yenye desibeli 90 kwa wati moja, ikipewa wati 50, hulingana na yenye desibeli 87 iliyopewa wati 100. Anayetumia umeme wa jua achague ile ya 90, apumzishe betri yake.

Maswali ya kujadili
• Redio yako imeandikwa omu ngapi?
• Ukiwa na fedha kidogo, utaongeza wati au utatafuta spika yenye desibeli nyingi? Kwa nini?