SOMO LA MEKANIKA: VOLANI IKICHEZA, TUBADILISHE NINI?

Wanafunzi wenzetu, na ninyi walimu wetu,

Mara nyingi mnatuona sisi wa seksio ya mekanika tukilala chini ya motokari ya masomo, nguo zimejaa mafuta, na ninyi mnacheka. Leo tunapenda kuwafasiria kazi moja tuliyoifanya kule chini, sababu inawagusa wote wanaopanda motokari ile.

Ni Land Rover Seri III, aina iliyotengenezwa Uingereza toka 1971 mpaka 1985. Shofere alikuja kutuambia: «Volani inacheza. Ninaigeuza kidogo, magurudumu hayasikii. Kwenye mtelemko wa Ngomo inanivuta kando.» Kila mtu akatoa shauri lake. Mmoja alisema: kazeni tu skru ya buati ya direksioni. Mwingine: badilisheni vyote. Mwenye kutunza feza akauliza kama haiwezekani kubadilisha kimoja tu. Mwalimu wetu akajibu: «Mbele ya kununua, tafuteni ugonjwa.»

1. Njia ya volani
Volani inageuza buati ya direksioni. Fimbo ya kwanza inatoka kwa buati mpaka kipande cha katikati, kilichosimama mbele ndani ya shasi. Fimbo ya pili inatoka pale mpaka gurudumu moja. Fimbo ya tatu inaunga magurudumu mawili ya mbele. Kila fimbo iko na rotili mbili, moja kila mwisho. Basi zote ni sita. Rotili ni kichwa cha duara cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe chake, na kofia ya kauchu inazuia maji na mchanga.

2. Kutafuta ugonjwa
Kazi hii inataka watu wawili. Motokari inasimama chini, moteri imezimwa. Mmoja anatikisa volani kidogo kuume na kushoto. Mwingine anaweka mkono juu ya kila rotili. Pahali fimbo inapotembea mbele ya mkono wa chuma kuifuata, pale ndipo ugonjwa.

Kisha tuliinua gurudumu kwa kriki, tukaweka na vigogo vya kutegemeza. (Msiingie hata siku moja chini ya motokari inayoshikwa na kriki tu!) Gurudumu likicheza kuume na kushoto, tazama rotili. Likicheza juu na chini, mwenzako akanyage breki: mchezo ukiisha, ni rulema, ukibaki, ni pivoti.

Sisi tuliona hivi: rotili mbili za fimbo ya tatu zinacheza. Moja ya fimbo ya pili haichezi bado, lakini kofia yake imepasuka. Tatu nyingine ni nzima. Buati haikuwa na kosa. Kama tungalikaza skru yake, volani ingalikuwa nzito, na rotili zingalibaki vilevile.

3. Kuchagua
Hapa tulibishana sana. Kubadilisha moja tu ni bei ndogo, lakini mwenzake kwenye fimbo ileile naye amechoka. Tutafungua tena na kupima tena. Kubadilisha zote sita ni kutupa tatu zingine zenye nguvu. Tukakata shauri: tununue tatu mpya. Ile yenye kofia iliyopasuka tuliihesabu kuwa mgonjwa, sababu mchanga umekwisha kuingia.

Rafiki mmoja alitutolea bure rotili za motokari iliyokufa. Zilikuwa safi na zenye grese, lakini nani anaona kikombe ndani? Tulimshukuru, tukakataa. Mwingine alisema tupige kikombe kwa nyundo kusudi kikaze. Hapana! Chuma kikipata ufa, rotili itatoka njiani. Shofere atabaki na volani mkononi, lakini motokari haitamsikia tena. Na nyuma mnakaa ninyi.

4. Kufunga
Mbele ya kufungua, pima urefu wa fimbo toka kati ya rotili moja mpaka kati ya nyingine, na uandike. Hesabu mizunguko ukitoa rotili ya zamani, maana mpya itaingia kwa mizunguko ileile. Angalia: mwisho mmoja wa fimbo unafunguka kinyume cha desturi. Kaza ekru vizuri, na weka gupiye mpya. Msumari si gupiye.

Mwisho ni paralelismu. Tia alama katika magurudumu mawili, mbele, kwa urefu wa kati ya gurudumu, na upime toka alama mpaka alama. Sukuma motokari mpaka alama zifike nyuma, upime tena. Kwa Land Rover hii, kipimo cha mbele kinapashwa kuwa kidogo kuliko cha nyuma kwa milimetri 1,2 mpaka 2,4. Kisha kaza vifungo vya fimbo. Baada ya siku chache za njia, tazama kila kitu tena.

Wenzetu, kuna matumizi yanayopoteza feza, na kuna ubahili unaopoteza watu. Kipimo kizuri kinatulinda na yote mawili.

Maulizo
1. Sababu gani hatukukaza buati?
2. Gurudumu linacheza juu na chini, na mchezo hauishi ukikanyaga breki. Kipande gani kimechoka?
3. Kama feza ingetosha rotili mbili tu, je, motokari ingepashwa kutelemka Ngomo? Fasiria jibu lako.