Picha ya moyo kupitia kooni

SWALI: Mama ana ugonjwa wa vali. Ameshapigwa picha kifuani. Mbona sasa aingizwe mpira kooni? – Msomaji, Tudor, Mombasa

JIBU: Mpira huo huingizwa kwenye umio, ambao hupita nyuma tu ya chemba ya juu ya kushoto ya moyo. Kifuani, mbavu na hewa ya mapafu huzuia mawimbi ya sauti yanayotumika kupiga picha. Kutoka kwenye umio, vali na damu iliyoganda huonekana wazi zaidi.

Lee Frazin na wenzake, Marekani, walichapisha njia hii mwaka 1976.

Mgonjwa hufunga kula kwa takriban saa 6 kabla ya kipimo, hutoa meno ya bandia, hupuliziwa ganzi kooni na hupewa dawa ya kumtuliza. Akiwa na shida ya kumeza, mwambieni daktari mapema.