Usimeze Diklofenaki Ukielekea Shambani

Msimu wa kilimo ukifika, kuanzia Masinono hadi Muhoji katika kata ya Bugwema, dawa ya maumivu huwa sehemu ya zana za kazi. Mtu anaamka alfajiri, kiuno kimekaza kwa palizi ya jana, anatupia kidonge cha diklofenaki au brufeni kwa funda la maji, anabeba jembe na kuondoka. Chai itamkuta shambani saa nne, kama itamkuta. Jioni anameza kingine ili apate usingizi. Siku mbili tatu zinapita bila tatizo, ndiyo maana mazoea haya ni magumu kuyaacha. Mambo hubadilika siku zinapogeuka wiki, jua limewaka na maji ya kunywa ni kidumu kimoja kwa watu wanne.

Diklofenaki, brufeni, aspirini, meloksikamu na piroksikamu ni dawa za ukoo mmoja. Mwaka 1971 mwanasayansi wa Uingereza, John Vane, alieleza jinsi aspirini na ndugu zake wanavyofanya kazi, na mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel. Dawa hizi huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta uvimbe, homa na maumivu. Lakini kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake, na ndizo zinazopanua mishipa ili damu ifike vizuri kwenye figo pale mwili unapopungukiwa maji. Ukizizuia kwa ajili ya kiuno, umezizuia na huko kwingine. Anayetoka jasho kutwa nzima bila kunywa maji ndiye anayezihitaji zaidi, naye ndiye aliyemeza kidonge asubuhi.

Kwa hiyo anza kwa kubadili saa. Meza ukisharudi, umeoga, umekunywa maji ya kutosha na umekula ugali wako. Kama maumivu hayakuruhusu hata kuinama bila kidonge, basi siku hiyo si ya jembe. Dawa inanyamazisha maumivu tu. Msuli uliochanika bado umechanika, nawe unaendelea kuuvuta bila kujua.

Watu wengi wanaamini kwamba ukishiba hakuna madhara. Chakula kinapunguza kiungulia na kichefuchefu, ni kweli, ila hakizuii vidonda, kwa sababu dawa hulifikia tumbo kupitia damu pia. Ndiyo maana hata sindano ya diklofenaki inaweza kuleta vidonda vya tumbo. Sindano haina ubora wowote wa ajabu kuliko kidonge kwa mtu anayeweza kumeza, na ikichomwa vibaya kwenye kalio inaweza kuumiza mshipa wa fahamu wa mguu. Usiombe sindano kwa kudhani ndiyo dawa kamili.

Sasa tazama ile bahasha ndogo unayopewa dukani. Mara nyingi imeandikwa 1×3 na hakuna kingine. Hesabu hiyo haina maana mpaka ujue kidonge kina miligramu ngapi. Diklofenaki ya miligramu 50, kimoja mara tatu, inafika 150, na hapo ndipo kikomo cha mtu mzima kwa siku. Ipo pia ya miligramu 100 inayoyeyuka polepole, ambayo humezwa kimoja tu kwa siku, tena kizima bila kukikata. Hiyo ukiimeza 1×3 umefika 300. Brufeni ya miligramu 200 ni kimoja au viwili kwa mara moja, na visizidi sita ndani ya saa 24 kama hujaandikiwa na daktari. Mwombe muuzaji aandike jina la dawa, miligramu na idadi ya siku. Muuzaji wa Duka la Dawa Muhimu amepewa mafunzo kwa kazi hiyo. Maduka haya yalianzia Ruvuma mwaka 2003 ili watu wa vijijini wapate dawa kwa mtu anayejua anachouza.

Usichanganye ndugu wawili: diklofenaki asubuhi na brufeni jioni ni kuongeza hatari bila kuongeza nafuu. Angalia pia vidonge vyenye diklofenaki na parasetamo ndani ya kidonge kimoja. Ukiongeza panadol juu yake, parasetamo imekuwa maradufu. Siku tano zikipita na maumivu yapo, kinachotakiwa ni kupimwa.

Kuna watu ambao dawa hizi si zao mpaka daktari aseme: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au moyo, mwenye pumu inayoamshwa na aspirini, mjamzito hasa kuanzia wiki ya 20. Anayetumia dawa za presha aulize kwanza, na zaidi kama anatumia na za kukojoza. Anayetumia ARV zenye tenofovi aulize pia, kwa kuwa dawa hiyo nayo hupitia figo.

Kwetu kando ya Ziwa Victoria kuna jambo jingine ambalo karatasi ya ndani ya boksi hailitaji. Kichocho cha tumbo kikikaa mwilini miaka mingi, ini hukakamaa, bandama huvimba, na damu iliyokosa njia hujaa kwenye mishipa ya koo la chakula. Mishipa hiyo ikipasuka mtu hutapika damu ghafla, na dawa za ukoo huu huongeza hatari hiyo. Kwa hiyo mvuvi au mkulima wa bustani za kandokando ya maji mwenye tumbo lililojaa upande wa kushoto apimwe kabla ya kuzizoea.

Kinyesi cheusi kinachonata kama lami, matapishi yenye damu au ya rangi ya kahawa, mkojo kupungua sana, uso au miguu kuvimba: acha dawa na uende kituo cha afya siku hiyohiyo, ukiwa na bahasha mkononi. Na kama viungo vinauma pamoja na homa, pima malaria kwanza. Kidonge kitashusha joto na kukupa moyo wa kukaa nyumbani huku vimelea vikiongezeka.

Kwa kiuno au goti la kawaida, parasetamo ndiyo ya kuanzia: mtu mzima asizidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, na mnywaji wa gongo apunguze kwa ushauri wa mtaalamu. Jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini nayo ni nzuri, kwani kiasi kidogo tu huingia kwenye damu.

Ng'ombe wa plau naye akichechemea, asipewe vidonge vyako. Huko India na Pakistani diklofenaki waliyopewa mifugo iliangamiza tumbusi waliokula mizoga yao, mpaka India ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Serengeti haiko mbali na kwetu, na tumbusi wa kule hawajui mpaka. Mwulize afisa mifugo kuhusu meloksikamu, ambayo haiwadhuru ndege hao.