Mstaafu na Mwethya

Swali: Mstaafu wa Machakos ajitolee wapi?

Jibu: Mahali pa kwanza ni mwethya, kikundi cha kazi za pamoja cha Wakamba. Katika miaka ya 1950 vikundi hivi vilichimba matuta ya fanya juu: mtaro huchimbwa kukingama mteremko, na udongo hurushwa upande wa juu kuzuia mmomonyoko. Mstaafu halazimiki kushika sululu. Kuandika kumbukumbu za mikutano, kutunza daftari la michango na kuangalia kitalu cha miche ni kazi muhimu vilevile, na mwalimu au karani wa zamani anaziweza vyema. Kikundi kipya husajiliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya 2022 ya usajili wa vikundi vya jamii, kikiwa na wanachama wasiopungua 10 na katiba yake.