KIJANA ANAJIFUNZA UKIMWI KWA NANI?

Kule Kongo, katika jamii zetu nyingi, msichana aliyevunja ungo alifundishwa na bibi au shangazi. Mvulana alikaa na babu au mjomba. Vita vilitutawanya, na familia nyingi zilifika hapa Nakivale bila wazee hao. Je, nani ameshika nafasi yao?

1. Marafiki. Hawa wanaongea bila haya, lakini wanayoyajua ni machache. Kwao kijana anasikia kwamba mtu mnene hana virusi, na kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vinazuia UKIMWI. Si kweli. Mwenye virusi anaweza kuonekana mzima miaka mingi. Vidonge huzuia mimba tu. Kondomu ikitumiwa vizuri kila mara hukinga mimba na virusi pia.

2. Video na simu. Zinaonyesha ngono, hazionyeshi kupima.

3. Shule. Inafundisha njia za maambukizi: ngono bila kinga, damu, na mama kwenda kwa mtoto. Lakini aliyeanza masomo kwa Kifaransa anakuta somo kwa Kiingereza, na aliyeacha shule halipati kabisa.

4. Nyumbani. Wazazi wetu, hata ukimya unafundisha. Kijana anaelewa kwamba akipata shida, asiseme.

Hapo ndipo penye hatari. Aliyebakwa, au aliyefanya ngono bila kinga na mtu asiyejua hali yake, anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi visishike mwilini. Ni lazima aanze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi, kisha amalize siku 28. Akinyamaza kwa hofu ya kupigwa mpaka siku ya nne, nafasi hiyo imempita.

KAZI YA NYUMBANI

Jioni hii muulize mwanao: "Umesikia nini juu ya UKIMWI?" Msikilize mpaka mwisho, usimkaripie. Mwambie: "Ukipata shida, njoo kwangu saa hiyohiyo."

Msilolijua, mje wote kituo cha afya. Hapa Uganda, mwenye miaka 12 na zaidi anaweza kukubali mwenyewe kupimwa, na majibu ni siri. Akikutwa na virusi, maisha hayajaisha: anayemeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo haambukizi mwenzake kwa ngono.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani.