Banda na Nyumba: Istilahi na Makazi ya Wahamiaji wa Kitui na Makueni

Vijijini Kitui na Makueni, banda ni la mbuzi, kuku au majembe. Binadamu hulala nyumbani, ijapokuwa nyumba ni ya udongo. Msemaji huyohuyo akihamia Mukuru kwa Njenga, kando ya viwanda vya Nairobi, huitwa mkazi wa "mtaa wa mabanda". Makala haya yanahoji iwapo istilahi hiyo inasawiri hali au inamdunisha mtu.

Ukweli wake ni nusu. Chumba kimoja cha mabati hubeba jiko, kitanda na watoto. Maji hununuliwa kwa mtungi, na choo hutumiwa na jamaa nyingi. Hata hivyo, chumba hicho hulipiwa kodi kila mwezi, na sijasikia kuku akidaiwa kodi. "Kitongoji duni", istilahi mbadala, nayo huuhamisha uduni kutoka kwa huduma hadi mahali, kisha hadi kwa wakazi.

Mwaka 2021, maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walipobomolewa makao ili kupisha barabara, ilikuwa rahisi kusema kwamba mabanda yameondolewa. Kusema kwamba nyumba za wapangaji zimebomolewa kungezua mara moja swali la fidia.